Pesa za Jicho

Siku mjukuu wake alipomaliza kwa Mama Vikombe, mzee Cheche alivaa shati la kutokea ingawa hakuwa na pa kwenda. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa jina lake.

Mama Vikombe alikuwa jirani wa mtaa wa pili. Alikusanya watoto wa wafanyakazi sebuleni kwake, akawalisha uji kwenye vikombe vya plastiki na kuwalaza mchana kwenye mikeka, na kila mwisho wa mwezi alikata pande zuri la mshahara wa mtoto wa Cheche. Sasa mjukuu alikuwa anaanza shule ya serikali, na shule ya serikali ni bure. Ile bure ya kununua sare, ya kupeleka ufagio, ya kuchangia dawati ambalo mwalimu mkuu ndiye anayelikalia. Lakini hata baada ya michango hiyo yote, pesa za Mama Vikombe zilibaki nyumbani.

Na pesa hizo zilikuwa za jicho. Mwanawe, dereva wa gari la maji, alikuwa ameshatamka kwa kinywa chake: "Mtoto akitoka pale, baba, zile pesa ni zako. Miezi minne tu, jicho linafanyiwa kazi."

La kushoto lilishakufa zamani, lilibaki usoni kama kifungo cha shati. Hilo la kulia ndilo lililokuwa likifunikwa na ukungu, na daktari alisema linaponyeka kabisa mradi pesa ziwepo na mtu asichelewe. Iliwahi kutangazwa siku ya kutibiwa bila malipo hospitalini. Cheche alijihimu alfajiri akapanga foleni. Mkubwa mmoja akaja na msafara kukata utepe, wagonjwa wakaambiwa wasogee wasiharibu picha, wakapiga makofi, mkubwa akaondoka na madaktari wakamfuata kwenye chakula. Mpaka leo hawajarudi. Hospitali hiyohiyo ndiyo iliyomlaza mkewe kwenye benchi la korido mpaka mwili ukapoa, funguo za chumba cha oksijeni zikiwa mfukoni mwa bwana mmoja aliyekuwa kikaoni. Kwa hiyo Cheche hakuwa na habari tena na vya bure. Alitaka kulipa, apewe risiti, apasuliwe jicho kama mtu mwenye haki yake.

Alikuwa mchomeleaji. Mageti ya nusu ya mji yalipita mikononi mwake, na jina la Cheche alilipata huko. Aliamini jicho likifunguka atarudi kazini, hata kwa vibarua vya watu, na hatamwomba mtu hata kiberiti.

Walikaa kikao jioni baada ya kula. Mkwewe, mke wa dereva na mshonaji wa kola katika kiwanda cha mashati, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua mdomo.

"Shule inafunguliwa Jumatatu. Wanatoka mchana. Mimi natoka jioni, baba yake anatoka Mungu akipenda. Nani anamchukua mtoto?"

"Kuna lile gari la shule," dereva alisema polepole, bila kumtazama baba yake. "Ila bei yake ni kama ya Mama Vikombe."

Cheche alifungua kifungo cha shingoni cha shati la kutokea. "Gari la nini? Mimi nipo hapa nazeeka bure. Nitamchukua mimi."

"Wewe, baba?"

"Kwani hapa mna babu mwingine?"

Mkwewe aliweka bakuli chini. "Baba, nisamehe, nataka kuelewa tu. Wewe unaona au huoni?"

"Naona."

"Kama unaona, operesheni ya nini? Na kama huoni, mtoto wangu unamchukuaje barabarani?"

Cheche alitafuta jibu akakuta kila mlango umefungwa. Akisema haoni, pesa zinakwenda kwenye gari. Akisema anaona, pesa hazina kazi machoni pake.

"Naona ya kutosha kumchukua mtoto," alisema hatimaye. "Siyo ya kutosha kufanya kazi."

"Duh," mkwewe akacheka kidogo. "Jicho lenye saa za kazi."

Dereva, ambaye maisha yake yote alipenda kupita katikati, akatoa shauri: wajaribu mwezi mmoja. Babu akimleta mtoto salama mwezi mzima, pesa za mwezi huo zinaingia kwenye jicho, na zinazofuata vilevile. "Lakini ikitokea la kutokea, baba, neno la jicho usinitajie tena."

"Halitatokea," alisema Cheche.

Na kweli wiki za kwanza halikutokea. Njia aliisoma kwa miguu. Mtaro ulimwambia akate kushoto, mashine ya kusaga ilimwambia amefika nusu, harufu ya gundi ya kiwanda cha magodoro ilimwambia geti la shule ni lile pale. Kengele ikigongwa watoto walimwagika wote na sare zao za bluu, kwake wakawa kama maji yaliyopinduliwa kwenye ndoo. Hakuwa na haja ya kuchagua. Mjukuu alikuwa akipiga kelele kabla hata hajavuka geti:

"Mume wangu! Mume wangu nipo hapa!"

"Mke wangu, mbona umechelewa, au kuna kijana umempata humo?"

"Vijana wote wana makamasi!"

Akamshika kidole, wakaondoka wakitukanana kwa furaha. Mtoto ndiye aliyekuwa akimvusha barabara, lakini hilo lilikuwa siri ya kidole na kiganja. Nyumbani Cheche alitamba.

"Mnaona? Mzima, na viatu vyote viwili."

"Leo alisukwaje nywele, baba?" mkwewe aliuliza akichambua mchele, sauti tamu kama pipi.

"Alisukwa vizuri."

"Hakusukwa. Alinyolewa jana."

Dereva alicheka puani. Cheche alisema yeye hakuzaliwa kutazama vichwa vya watoto wa kike, akatoka nje. Lakini mwezi ulikuwa ukienda, na mkwewe hakuwa na la kushika.

Wiki ya mwisho ilipoingia, mjukuu alimjia asubuhi na karatasi. Alikuwa amechora kwa kalamu za rangi, akamsogezea puani.

"Babu, hii ni nini?"

Cheche aliikazia macho. Aliona kahawia, aliona kitu kama miguu. "Loo! Ng'ombe mzuri huyo. Umempa na mkia."

Karatasi ikanyakuliwa.

"Ni wewe!"

"Aa, nilikuwa natania, mke..."

"Ni wewe, na hiyo ni fimbo yako! Sikusemeshi tena. Sikusemeshi mpaka ufe!"

Alikuwa na mnuno wa marehemu bibi yake, ule wa kufunga mdomo ukafungika kweli. Alikwenda shule na mama yake bila kuaga. Cheche alimcheka kidogo, halafu akaacha kucheka, kwa sababu aliona, kwa hilo hakuhitaji jicho, kwamba mtoto amejua.

Mchana alikuwa getini mapema. Kengele ikagongwa, bluu ikamwagika, kelele zikapanda. Hakuna aliyeita mume wangu. Alisimama akageuza kichwa huku na huku kama kuku aliyesikia mvua. Watu walichukua watoto wao wakaenda. Wala hapakuwa na mwalimu wa kukabidhi mtoto kwa mtu. Mlinzi waliyekuwa naye alikuwa amefukuzwa muhula uliopita, na mshahara wake ulikwenda kupaka rangi ofisi ya mwalimu mkuu.

Mkono mdogo ukaingia kwenye kiganja chake.

Aliushika. "Bado umenuna?"

Hakujibiwa. Mkono ukabana kidogo.

"Haya, nuna. Twende huku unanuna."

Wakaenda. Njia nzima Cheche alizungumza peke yake. Yeye ambaye hakuwahi kumwomba radhi mtu tangu azike mkewe, alimwomba radhi mtoto huyo kuanzia mashine ya kusaga mpaka mtaroni. Alimwambia ng'ombe alikuwa utani wa kipumbavu. Alimwambia siri ambayo hakumwambia mwanawe, kwamba sura yake haijui vizuri tangu alipoota meno, anaibuni tu kwa sauti. "Jicho likishafanywa, mke wangu, nitakutazama mpaka ukimbie. Nitakwambia acha kukua kidogo nimalize kukutazama."

Mkono ulikuwa umetulia kiganjani, mtulivu kuliko siku zote. Haukumvuta kando ya magari. Alidhani ni mnuno.

Nyumbani alimmiminia chai akamkatia mkate. Alimsikia akila, akaongeza kipande, akaongeza kingine. "Kununa kunatia njaa kumbe," alisema, akafurahi. Mtoto akajilaza kwenye mkeka, akalala.

Kiwandani kwa mkwewe umeme ulikatika siku hiyo, wenye kiwanda wakawarudisha wafanyakazi nyumbani bila malipo ya nusu siku, kama kwamba wao ndio waliokata nyaya. Kwa hiyo aliingia mapema na hasira zake mkononi pamoja na mfuko wa nyanya.

"Umefika salama?" Cheche alimpokea, sauti ya mshindi. "Mwenzio amelala pale. Mzima."

Mfuko ulianguka.

"Baba. Huyu ni nani?"

"Swali gani hilo? Mtoto wako."

"Mimi mtoto wangu simjui?" Alikuwa amepiga magoti mkekani, sauti ikapanda. "Baba, huyu ni nani? Mtoto wangu yuko wapi? Mtoto wangu yuko wapi!"

Aliyelala akaamka, akatazama nyumba ngeni, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu getini. "Nataka mama."

Cheche aliisikia ile sauti. Ilikuwa nzito kidogo, ya mtoto wa watu. Akashika ukuta.

Hakupata muda wa kukaa. Nje palikuwa pamejaa. Mama wa yule mtoto alikuwa amefika getini akakuta shule imekauka, na muuza karanga akamwambia kuna mzee amemshika mtoto mkono, amekwenda naye upande wa mashine ya kusaga. Alipopita akilia, watu wakamfuata. Kufika nyumbani kwa Cheche walikuwa wengi, na nusu yao hawakujua hata mtoto ni wa kike au wa kiume.

"Mwizi wa watoto yumo humu!"

"Mtoeni!"

Walimtoa. Mtu alimpiga kofi kofia ikaruka. Mwingine alimkaba shati, lile la kutokea, vifungo vikaruka vyote. Mama alimnyakua mtoto wake akaanza kumpapasa mwili mzima, akimuuliza maswali ambayo Cheche aliyasikia yakamchoma kuliko kofi.

"Nilikosea!" alipiga kelele. "Jamani, nilikosea mtoto! Nimekuja kumchukua mjukuu wangu!"

"Mjukuu wako humjui?"

"Haoni!" Mkwewe alikuwa amejipenyeza katikati, mikono imetanda. "Mwacheni, haoni huyu! Ni kipofu!"

"Naona!" Cheche alimkatiza.

Ilimtoka yenyewe. Mwezi mzima alikuwa akilisema neno hilo, ulimi ulishalizoea. Zilibaki siku chache tu, na hata pale, shati limechanika, kichwa kilikuwa kikipiga hesabu ya jicho.

"Anasema anaona," mwanamume mmoja mwenye ubao mkononi alisema taratibu. "Basi kama anaona, kamwiba."

"Baba!" Mkwewe alimshika uso kwa viganja viwili, akamgeuzia kwake. Pumzi yake ilikuwa ya moto. "Baba, watakuua. Sema huoni. Sema kwa mdomo wako."

Mtu akawasha njiti ya kiberiti akaisogeza kwenye jicho la kulia la Cheche, karibu, karibu zaidi. Alipepesa pale tu moto ulipounguza nyusi. Mtu akacheka. "Kweli bwana, huyu ni gogo."

"Sema, baba."

"Sioni," alisema Cheche.

"Sauti!"

"Sioni! Sioni kitu! Mimi kipofu!"

Ndipo wakatulia. Aliyekuwa na ubao aliuegemeza ukutani, kama mtu aliyenyimwa kitu. Mama wa mtoto alimtemea Cheche mate miguuni, akamgeukia mkwewe: "Na wewe na akili zako, unamwachia kipofu mtoto? Umaskini gani huo?" Watu wakaondoka wakisimuliana, wengine tayari wakimwigiza anavyopapasa.

Mjukuu aliletwa na Mama Vikombe. Alikuwa amekwenda huko mwenyewe, mahali pekee alipojua njia yake, akaketi na wadogo akanywa uji. Mama yake alimkumbatia, akampiga, akamkumbatia tena. Dereva aliporudi alikuta hadithi nzima imeshamtangulia barabarani.

"Hebu niambie," alimwambia mtoto, "wewe babu hukumwona getini?"

"Nilimwona."

"Sasa?"

Mtoto alichezea kidole cha mguu. "Nilimwambia rafiki yangu amshike mkono. Nikamwambia asiseme kitu. Nikamwambia babu ana mkate."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kujua kama ananijua."

Mkwewe akacheka. Alianza kama mtu anayelia, akafunika mdomo, bega likamtikisika, na dereva akajaribu kujizuia akashindwa. "Akamlisha na mkate!" alisema, akajipiga paja. "Na chai!" mkwewe alimalizia, machozi yakimtoka. Walicheka mpaka mtoto naye akacheka, kwa kuona ameruhusiwa.

Cheche alingoja waishe. Nyusi ilikuwa ikiwasha.

"Haya, mmecheka," alisema. "Sasa mmejua jicho lina haraka gani. Na shule mtaiuliza? Mtoto anatolewaje getini kama takataka? Mwalimu mkuu alikuwa wapi?"

"Mwalimu mkuu siye aliyeuita mchoro ng'ombe," alisema mkwewe, akifuta macho.

"Baba," dereva alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, ile ya kumwambia mtu gari halitafika leo. "Jicho ni miezi minne, ukiongeza foleni ni sita. Mtoto anatoka shule kesho mchana. Kesho, baba. Tulikubaliana au hatukukubaliana?"

"Alinichezea. Mmemsikia. Nilichezewa."

"Ndiyo ubaya wenyewe huo. Mtoto wa juzijuzi anakuchezea. Mtu mzima akitaka je?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo gari."

Mkwewe alikuwa akiokota nyanya zilizobingirika chini ya meza, akizibonyeza moja moja kuona ipi imenusurika. "Si kwamba hatukupendi, baba," alisema kutoka chini kule. "Nimesimama mbele ya ubao kwa ajili yako leo. Lakini pesa ni moja."

Gari la shule lilianza kuja kesho yake. Dereva wake, kijana mwenye maneno, alishuka kupokea malipo ya kwanza akamkuta Cheche kwenye kiti cha mlangoni.

"Ndiye huyu mzee mwenyewe? Mzee wangu, usije ukapanda gari langu ukidhani ni kitanda chako!"

Wote walicheka. Cheche naye alicheka, maana mtu asiyecheka huulizwa anatazama nini. Mjukuu alipanda, mlango ukabamizwa. "Kwaheri, mume wangu!" lilimjia kutoka ndani, au labda alikuwa mtoto mwingine. Alipunga mkono kwa wote.

Malipo ya gari yalikuwa pungufu kidogo ya yale ya Mama Vikombe, kukabaki chenji. Mkwewe aliitumia asubuhi ileile dukani, akarudi na kitu kizito kwenye karatasi.

"Ingia ndani, baba, nachelewa kazini."

Aliingia. Alisikia mlango ukivutwa, kisha chuma kikigonga chuma upande wa nje. Masikio yake yalivijua vyuma vyote, na hiki kilikuwa kipya, kina mafuta ya dukani bado.

"Unafanya nini?"

"Kufuli tu, baba. Ni kwa ajili yako. Wale watu wanapita hapa kila siku, na wewe ukitoka tutakutafutia wapi? Chai iko mezani, ndoo iko kona."

Aliusogelea mlango, akaupapasa mpaka kwenye bawaba. Alizichomelea mwenyewe, mwaka walioingia nyumba hii, na alijua haziachii.

"Na moto ukizuka?" aliuliza.

Mkwewe alikuwa ameshashuka kibarazani. Alisimama kidogo, akafikiri.

"Basi usiwashe moto," alisema, na viatu vyake vikaenda zake.